Birika la Shemasi Kasonia

Uhuru wa nchi ulimkuta Kasonia Ézéchiel amesimama kwenye tope hadi magotini, akikata mafunjo. Alikuwa kijana aliyeshuka kutoka Masereka na panga moja na suruali moja, na habari za kuondoka kwa Wabelgiji aliletewa na mpita njia pembeni mwa kinamasi cha Kyasenge, chini ya vilima vya Butembo. Siku hiyo wengine walicheza, wengine walilewa, wengine walikwenda kuchungulia kama nyumba za wazungu zimeachwa wazi. Kasonia aliuliza swali moja tu: sasa nani atatukataza kujenga humu ndani?

Akajibiwa kwamba hakuna. Basi huo ndio ukawa uhuru wake, na kusema kweli aliutumia kwa bidii kuliko mawaziri wengi.

Lazima ieleweke kwamba Wabelgiji, pamoja na ubaya wao, nao haukuwa haba, walikuwa wamepiga marufuku kujenga kinamasini. Hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Walitaka maji ya kunywa yafike kwao yakiwa safi. Kinamasi kilikuwa kinakunywa mvua yote ya vilima, kinaichuja polepole katika mafunjo, na upande wake wa chini kinatoa kijito ambacho mtu aliweza kukichota kwa kiganja na kunywa bila kuuliza. Pale pale kijito kilipochomoza, Waprotestanti walikuwa wamechimba birika la ubatizo na kulijengea ngazi za mawe. Kanisa lile haliamini mambo ya kunyunyiziwa kichwani. Mtu anazamishwa mzima mzima, na maji yasiyofika kiunoni hayahesabiwi kuwa maji.

Kasonia alibatizwa humo kabla kidogo ya uhuru, asubuhi moja ya ukungu. Mji wa Butembo uko juu, na baridi yake ya asubuhi haina huruma na mtu aliyelowa. Alitoka majini meno yakigongana, akiwa amelipenda lile birika kwa pendo ambalo mkewe Jokébed, alipokuja kuolewa, hakuwahi kulipata lote. Hilo si la kucheka. Alilipenda kweli.

Miaka michache baadaye wakaja waasi wa Simba. Walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zikiwagusa ziyeyuke, na wengi walikufa wakishangaa. Wakapita. Baada ya miaka mingi wakaja wanamgambo wa Mai-Mai, nao na maji yao ya dawa. Karibu kila uasi uliopita kwetu ulikuja na maji yake. Hakuna hata mmoja ulioleta bomba. Katika ule uasi wa kwanza wamisionari walikimbia, mlinzi wa birika alikimbia, na mzee aliyekuwa na haki ya kukata mafunjo kinamasini alikimbia akafia ugenini. Kasonia alijificha ndani ya mafunjo hayo hayo. Watu waliporudi walimkuta pale pale, tope tupu, mzima. Kanisa likamfanya shemasi na mlinzi wa birika kwa sababu hakukimbia. Mmiliki wa kinamasi alijifanya mwenyewe, kwa sababu hiyo hiyo.

Kuanzia hapo Kasonia akawa na kazi mbili, na zote mbili alizifanya kama Mnande, mtu wa kabila letu, anavyofanya kazi, yaani bila kupumzika na bila kuulizwa. Chini, alikuwa shemasi. Wiki ya ubatizo alivua viatu, akasugua ngazi kwa brashi, akatoa majani, akapima kina kwa fimbo, na siku yenyewe akasimama kwenye ngazi ya mwisho kumpa mkono kila anayeshuka majini. Hakuna aliyezamishwa Kyasenge bila kushikwa kwanza na Kasonia. Juu, mwendo mfupi tu wa miguu, alikuwa mwenye shamba. Alichimba mifereji akakausha tope. Akapanda mikaratusi, mti unaokunywa maji kama askari anavyokunywa pombe ya bure. Palipokauka akakata viwanja, parseli kama tunavyoziita, akaziuza. Kwamba maji ya chini yanatoka juu ni jambo ambalo hata mbuzi analijua. Kasonia naye alilijua. Hakuwahi tu kuziweka zile kazi zake mbili katika wazo moja.

Wanunuzi hawakukosekana. Butembo ni mji uliojijenga wenyewe, nasi tunajivunia hilo mbele ya kila mgeni. Serikali haikutupa kitu: barabara tumezilima kwa majembe yetu, umeme tumejitafutia, maghorofa tumeyasimamisha kwa faida ya viazi, kahawa na vitenge. Tulichosahau ni mahali pa kupeleka mavi. Samahani kwa neno hilo, lakini ndilo jina lake. Na kila vita ilipozuka, iwe Ituri, iwe msituni upande wa Beni, iwe kusini ya Lubero, ilitumwagia watu wengine wenye magodoro kichwani. Vilima vilikuwa na wenyewe. Kinamasi kilikuwa na Kasonia, ambaye aliwahakikishia kwamba maji hayafiki pale.

Wakajenga kwa miti na udongo. Wakachimba vyoo, na kwa kuwa chini kulikuwa tope, shimo la choo lilijaa maji kabla halijajaa kitu kingine. Wakafuata wapishi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakawa wanamwaga machicha yao kijitoni. Wakafuata waosha pikipiki. Mwishowe ikaja machinjio ya mbuzi ambayo haikuwa na jina wala ruhusa, ila ilikuwa na wateja.

Birika likabadilika rangi taratibu, kiasi kwamba Kasonia, aliyelitazama kila siku, hakuona kitu. Walioona ni akina mama wa kanisa. Walianza kuja kwenye ubatizo na bidoni za maji ya kununua na vipande vya sabuni, wakawasubiri waliozaliwa mara ya pili nyuma ya pazia la vitenge. Labda lilikuwa kanisa pekee duniani ambamo mtu anaoshwa dhambi kwanza, halafu anaogeshwa. Aliyelalamika, Kasonia alimkumbusha yule jemadari mkoma wa Maandiko aliyeudharau mto wenye tope, na mto ukamponya hivyo hivyo.

"Imani haina na rangi," alikuwa akisema, na mtu akanyamaza, maana ni vigumu kubishana na shemasi huku unajikuna.

Aliyethubutu kumcheka usoni alikuwa rafiki yake Nassoro, Mwislamu wa Beni, mkaazi wa mtaa wa Bungulu, mwenye lori. Nassoro ndiye aliyemsafirishia viazi kwenda Beni na kumrudishia mbao. Siku moja swala ya adhuhuri ilimkuta karibu na birika. Akashuka, akakunja mikono ya shati, akainama, akatazama, akasimama tena.

"Shemasi, shiye Baislamu, maji ya kutawaza iko na masharti tatu," alisema. "Isibadirike rangi, isibadirike ladha, isibadirike harufu. Ya ladha siwezi kuonja. Ile ingine mbili inatosha."

"Sasa weye utatawaza na nini?"

"Na udongo. Dini yetu inaruhusu, kama maji hakuna."

"Mais maji iko hapa," Kasonia alipinga.

"Njo unavyosema weye."

Akapiga viganja kwenye vumbi safi la ukingoni, akapaka uso na mikono, akasali. Kasonia alicheka kwa adabu, lakini neno lile halikumtoka moyoni. Kwamba mtu wa dini nyingine aone vumbi la barabara ni safi kuliko birika lake, hilo lilimuuma kuliko matusi.

Mwaka 2002, waasi wa zamu hiyo wakiwa wameweka serikali yao Beni na wakitoza kodi ya kila kitu isipokuwa mvua, kanisa la Kyasenge lilipata mchungaji mpya. Mchungaji Edmond alikuwa mtu mpole, wa miwani, aliyesomea mbali na ambaye hakuwa amefundishwa mila yetu ya kunyamaza. Katika ubatizo wake wa kwanza alimzamisha mwalimu mmoja wa shule, na alipomwinua, mwalimu alikuwa na sasheti, mfuko wa plastiki, kichwani, imekaa sawasawa kama kofia ya askofu. Kwaya iliimba beti mbili, ya tatu ikawashinda kwa kicheko.

Juma hilo hilo Edmond alimwita Kasonia mbele ya wazee.

"Baba Shemasi, tunakuheshimia sana," alisema. "Mais kama ku Pasaka maji ya birika haitakuwa safi, tutajenga bassin ya simenti mu kanisa. Ile birika tutaifunga."

"Ile birika njo ilizala hii kanisa."

"Tunajua, baba. Njo maana tunakupatia mpaka Pasaka."

Hapo Kasonia aliingiwa na hofu kweli kweli, kwa sababu Pasaka hiyo ilikuwa ya ubatizo wa Rébecca. Rébecca alikuwa mjukuu wake, binti wa mwanawe marehemu, aliyelelewa na Kasonia na Jokébed tangu akinyonya. Sasa alikuwa msichana wa sekondari, mwenye maneno machache na macho yanayoona. Watoto wote wa Kasonia walikuwa wameshuka ngazi zile wakiushika mkono wake. Huyu alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyempenda kuliko wote, siri aliyoificha vibaya hata kuku wa nyumbani waliijua. Mzee alikuwa anaelekea miaka sabini. Hakuwa na haja nyingine tena duniani isipokuwa hiyo: kumshusha Rébecca majini kwa mkono wake, katika birika lake, mbele ya watu wote.

Mtu mwingine angefikiria vyoo. Kasonia alifikiria magunia.

Ubavuni mwa birika, chini ya jiwe, kulikuwa na chemchemi ndogo ambayo haikuwahi kukauka. Maji yake yalikuwa safi lakini machache, na kijito kilipoyakuta kiliyameza. Kasonia akawaza hivi: nikikiziba kijito kule juu, penye kalavati ya barabara, kisha nikalikausha birika na kulisugua, chemchemi italijaza polepole, na siku ya Pasaka watu watabatizwa katika maji kama ya zamani. Kesho yake ninafungua. Lilikuwa wazo zuri. Alichosahau kujiuliza ni maji yaliyozibwa yataishi wapi siku hizo zote, katikati ya masika.

Nassoro alileta magunia ya mchanga kwa lori. Alipoona yanakopangwa, alikuna ndevu.

"Na bale batu unauzishiaka parseli kule juu?"

"Ni siku kidogo tu, Nassoro."

"Maji haijuaka siku kidogo."

Alishusha magunia hata hivyo, kwa kuwa urafiki ni urafiki na Kasonia alikuwa mteja wake wa zamani. Vibarua wakayapanga mdomoni mwa kalavati mpaka tone la mwisho likakatika. Wapita njia walioambiwa kwamba daraja linatengenezwa waliamini wote. Hakuna aliyewahi kuona daraja likitengenezwa, kwa hiyo hawakujua linavyoonekana.

Siku ya Ijumaa Kuu Kasonia alikuwa amepiga magoti ndani ya birika tupu, brashi mkononi, alipojiwa na Kyakimwa. Huyu alikuwa mjane muuza maharage, aliyekimbia Ituri na watoto wake, akanunua parseli ya chini kabisa karibu na kalavati. Kasonia alikuwa amemsifia kiwanja hicho kwamba kina udongo laini. Kitenge cha Kyakimwa kilikuwa kimelowa hadi mapajani.

"Baba Shemasi, maji inaingia mu nyumba."

"Ni mvua, mama."

"Mvua inatokaka juu. Hii inatoka chini. Choo imejaa, inaturudilia mu nyumba."

"Vumilia kidogo mpaka siku ya Mungu. Kesho yake tutafungua."

"Mutafungua nini?" aliuliza Kyakimwa.

Kasonia aliona neno limemponyoka, akarudi kwenye kusugua. Kyakimwa alisimama pale ukingoni akilitazama birika, akayatazama mawe yanavyong'aa, akaitazama chemchemi inavyodondoka chini ya jiwe. Hakuwa mjinga. Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu mtu hafanyi ovyo.

Jumamosi alirudi, safari hii nyumbani kwa Kasonia. Shemasi alimtuma mkewe aseme kwamba yuko kwenye mfungo na maombi. Jokébed alitoka, akakaa nje kitambo, akarudi ndani.

"Ule mama anasema batoto bake banasimama juu ya kitanda," alisema.

"Tutabaombea."

 Jokébed akaenda chumbani, akavuta blanketi la kitanda chao, lile la upande wa mzee, akatoka nalo. Aliporudi hakulitaja, na Kasonia, ambaye mfungo wake uliishia penye chakula cha mchana, hakuuliza.

Na sasa ifike Pasaka. Lazima tuwe wakweli: birika lilikuwa zuri. Maji yalikuwa yametulia, meupe, mawe ya chini yanahesabika. Wazee waliobatizwa wakati wa wamisionari walisimama ukingoni na machozi yakawatoka. Akina mama waliitazama sabuni yao, wakaona aibu, wakaificha ndani ya vikapu. Mchungaji Edmond alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamwomba Kasonia msamaha mbele ya watu. Kasonia aliupokea kwa kuinamisha kichwa kidogo tu, kama mtu anayepokea deni lililochelewa. Alikuwa amevaa koti jeusi, suruali ameikunja, miguu mitupu, amesimama kwenye ngazi yake ya mwisho. Hakuwa amewahi kuwa na furaha kama ile, na hakuwaza lolote juu ya kalavati.

Wakashuka mmoja mmoja, wakazamishwa, wakapanda wakimeta. Rébecca alikuwa wa mwisho, kwa sababu babu yake ndiye aliyepanga safu na alitaka macho yote yawe yamebaki kwake. Akashuka katika kanzu nyeupe. Kasonia akampa mkono. Mkono wa binti ulikuwa baridi, na mzee alipouachia ili auingize katika mkono wa mchungaji alihisi kwamba maisha yake yote yamekuwa na maana.

Kule juu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kyakimwa na majirani zake walikuwa wamekwisha kuwatoa watoto, magodoro na kuku, na hapakubaki kitu cha kutoa isipokuwa magunia. Walishuka kwenye kalavati na majembe. Waliondoa gunia moja. Mengine hayakusubiri kuondolewa.

Pale birikani Edmond alikuwa ameshika mgongo wa Rébecca kwa mkono mmoja, mwingine ameuinua. "Ninakubatiza kwa jina la Baba," alisema, "na la Mwana," na papo hapo ukasikika uvumi kutoka juu, uvumi wa nguvu, unaokuja. Mzee mmoja katika safu ya mbele aliinua mikono na kulia Haleluya, akidhani Roho ameshuka. Hakuwa amekosea sana; kitu kilikuwa kinashuka.

Yalikuja maji ya siku zote pamoja. Yalikuja na ndala, na machicha ya kasiksi, na matumbo ya mbuzi, na plastiki za rangi zote, na kile kitu ambacho jina lake tulikwisha kulitaja, na nyuma ya vyote ukaja mlango wa choo, wa bati, kufuli yake bado imefungwa. Watu walikimbilia mlimani. Kwaya ndiyo iliyotangulia, na kwa mara ya kwanza sauti zote nne ziliondoka kwa pamoja. Edmond alisukumwa ukingoni, akapanda kwa magoti na mikono, miwani ikaenda na mto.

Kasonia hakukimbia. Hilo apewe. Alijitupa ndani na koti lake, yakamfika kifuani, akapapasa katika lile tope mpaka akakipata kitambaa, kisha mkono, akavuta. Walitoka wote wawili kwenye ngazi wakikohoa, kanzu ya Rébecca ikiwa na rangi ambayo hakuna mwenye duka la vitenge angekubali kuitaja. Kasonia alilia waziwazi. Alikuwa ameogopa kumpoteza, na hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko aibu, angalau kwa muda huo mfupi.

Akina mama walikumbuka sabuni yao.

Ndipo watu wa kinamasi wakateremka wakifuata maji, majembe begani, tope hadi viunoni, kuona yamefika wapi. Kyakimwa alimwona Rébecca anavyotetemeka. Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika mabegani, akamgeukia Kasonia.

"Pole, Baba Shemasi," alisema. "Kwetu ilianza tangu vendredi, Ijumaa Kuu."

Baraza la wazee lilikaa juma lililofuata. Mtu angetarajia lizungumzie vyoo, au magunia, au watoto waliosimama kitandani, ambao kufikia hapo walikuwa wanaharisha, kama Rébecca mwenyewe alivyokuwa kitandani anaharisha. Lilizungumzia kama Rébecca amebatizwa. Mambo yalikuwa magumu. Edmond alikiri kwamba jina la Roho Mtakatifu alilitamka akiwa tayari mlimani, anakimbia. Mmoja akasema ubatizo hauna mpaka wa hatua. Mwingine akauliza ni nani hasa aliyemzamisha. Mwingine, mzee wa busara, akasema kwamba kuzama alizama, na katika historia ya kanisa la Kyasenge hakuna aliyezama kuliko yeye. Kasonia alisema machache, lakini kwa sauti iliyokatika: mkono wake alimpa, ngazi zilikuwa zile zile, birika lilikuwa lile lile. Wazee walimhurumia. Wakaamua kwamba ubatizo ni halali.

Halafu, ili watu wa mji wasiseme kwamba kanisa halijali, wakaunda Kamati ya Maji. Kwa kuwa hakuna aliyeyajua maji ya Kyasenge kuliko Kasonia, wakamchagua mwenyekiti, naye akakubali kwa unyenyekevu. Uamuzi wa kwanza wa kamati ulikuwa kuwakataza wakaazi wa kinamasi kujisaidia karibu na kijito. Wajisaidie wapi, kamati iliahirisha.

Rébecca alipopata nguvu za kusimama, aliitwa kupewa habari njema. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameifunga mbele kwa heshima.

"Asante, bazee," alisema. "Mais miye hapana. Sikubatizwa."

"Mama, bazee bamesha kuamua," Kasonia alisema kwa upole, akimwita mama kama mtu anavyomwita mjukuu anayempenda.

"Sokulu," alijibu, kwa neno la Kinande la kumwita babu, "ile haikuwa maji. Ilikuwa parseli zako."

 Edmond aliitazama meza. Kwa mara ya kwanza zile kazi mbili za Kasonia zilikutana ndani ya kichwa chake. Hazikuwa na la kuambiana.

Msichana alisafiri na lori la Nassoro baada ya majuma machache. Kwanza Beni, ambako alilala Bungulu kwa Mwanvua, mke wa Nassoro. Kisha Mabalako, kwa wajomba zake, ambao kanisa lao la Kibaptisti linabatiza mtoni, mbali na nyumba za watu. Kasonia aliomba kwenda naye. Aliomba kweli, kofia mkononi, mbele ya lori, dereva akisikia. Rébecca akamwambia hapana, abaki, kamati inamhitaji. Mwanvua ndiye aliyefuatana naye hadi ukingoni mwa mto ule, Mwislamu wa watu, akashika taulo mpaka Wabaptisti wakamaliza.

Rébecca alirudi Butembo siku ya mvua ndogo. Kasonia alikuwa amekaa barazani. Kanisani walikuwa wanachanganya simenti ya bassin, na tangu asubuhi alikuwa amekataa kwenda kuangalia. Rébecca akamsalimia kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda karibu naye. Wakazungumza habari za barabara, za Nassoro, za bei ya viazi Beni. Mzee alizunguka zunguka hivyo kwa muda, kisha akauliza alichotaka kuuliza.

"Na kule mutoni, nani alikushikaka mukono ya kushuka?"

"Hakuna mutu, Sokulu."

"Hata mutu moja?"

"Haikukuwa lazima. Nilikuwa naona chini, fasi naweka muguu."

 Kasonia aliuweka mkono wake wa kuume juu ya goti, akautazama, na Jokébed akawaita ndani waje kula.